Kuimba na Kupiga Ngoma Pamoja: Kazi Huanza Masikioni

Vikundi vingi vya kujisaidia huku vijijini vina kwaya au kundi la ngoma. Wageni wakija kuona mradi wa maji, au kukiwa na harambee, kundi huitwa litumbuize. Wengine hualikwa harusini na kupewa chochote, na pesa hizo huingia katika mfuko wa chama.

Lakini malalamiko hayakosi. "Sauti zetu hazishikani." "Ngoma inatukimbiza." Kisha mtu husema, "Tununue spika na maikrofoni." Kabla hamjatoa pesa za chama, fikirieni jambo hili: kipaza sauti hakitengenezi wimbo. Kama mnaimba ovyo, kitapeleka uovyo huo mbali zaidi. Cha kwanza kinachohitajika hakiuzwi dukani, nacho ni kusikilizana.

Kuimba wakati mmoja si kuimba pamoja

Tutazame isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Magharibi ya Kenya. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya swala na vyuma vya kutikisa. Mwimbishaji huongoza, na maneno yake hufuatana na mapigo na hatua za wachezaji.

Hapo kila mtu ana kazi yake, na ni lazima ajue kazi hiyo inaingia wapi katika kazi ya mwenzake. Mpigaji akijisikiliza mwenyewe tu, wachezaji hupotea hatua. Ni kama shamba la chama: mmoja akilima huku mwingine akifukia, jioni hakuna kilichofanyika.

Mnasimamaje?

Sauti huchukua muda kusafiri. Hewani huenda karibu mita 340 kwa sekunde moja. Mwimbaji aliye mita 34 kutoka kwa ngoma hulisikia pigo likiwa limechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huo ni muda mdogo, lakini sikio huutambua. Ndiyo sababu mstari mrefu uwanjani hauelewani na ngoma iliyo pembeni, ingawa kila mtu anaapa kwamba anafuata mapigo.

Basi simameni karibu karibu, kwa umbo la nusu mwezi, ili kila mmoja amsikie wa upande wa pili. Ngoma ikae mahali inapowafikia wote. Uwanja ukiwa mkubwa, fuateni mkono wa mwongozaji kwa macho, kwa maana jicho huona mara moja yale ambayo sikio litayapata baadaye.

Mazoezi manne ya kujaribu

1. Kuingia kwa zamu. Sauti ya nne waimbe peke yao ubeti mmoja, wengine wanyamaze na kusikiliza. Kisha iingie sauti ya tatu, halafu ya pili, mwisho ya kwanza. Kila mwimbaji ajiulize: je, ninamsikia jirani yangu? Kama humsikii, punguza sauti yako.

2. Kunyamaza bila kusimama. Imbeni mkipiga hatua mahali pamoja. Mwongozaji akiinua mkono, nyamazeni kwa mapigo manane, lakini miguu iendelee. Kisha ingieni wote pamoja. Anayekimbia au kuchelewa atajulikana hapo hapo, na mara nyingi atajigundua mwenyewe.

3. Kupima kama sauti imeshuka. Chukueni sauti ya kuanzia kutoka kwa kinanda au filimbi. Imbeni wimbo mzima bila chombo, halafu pigeni sauti ile tena. Kama mmeteremka, tazameni mnavyosimama na mnavyovuta pumzi. Mtu aliyechoka, aliyeinama, au aliyeishiwa na pumzi kabla mstari haujaisha, huteremka na kuwavuta wenzake.

4. Kujirekodi. Zamani tulihitaji redio ya kaseti. Siku hizi simu ya mwanachama mmoja inatosha. Iwekeni hatua tano au sita mbele yenu, si kando ya ngoma, maana ngoma itameza sauti zote. Msishtuke mkisikia sauti zenu. Mtu anapoimba, hujisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake, kwa hiyo simu humpa sauti asiyoizoea. Wenzake ndiyo waliyoizoea.

Kukosoa bila kubomoa

Hapa ndipo vikundi vingine huvunjika. Lawama hutupwa, mtu anaona haya, Jumamosi ijayo haji. Na akiacha kwaya, mara nyingine huacha pia mchango wake wa kila mwezi.

Sikilizeni rekodi mara tatu. Mara ya kwanza, tafuteni mapigo tu: je, wimbo umeisha kwa mwendo ule ule ulioanza nao? Mara ya pili, sikilizeni sauti: ni ipi inafunika nyingine? Mara ya tatu, maneno: mtu asiyeujua wimbo angeelewa? Ukitafuta yote kwa mara moja, hutapata hata moja.

Mnapozungumza, semeni mahali na jambo. "Nyinyi wa sauti ya tatu mnatuharibia" halimsaidii mtu. "Ubeti wa pili, sauti ya tatu wameingia kabla ya pigo" ni neno linaloweza kurekebishwa. Anzeni na lililo zuri. Majaji wa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, nao hutoa maoni pamoja na alama, kwa sababu alama peke yake haimfundishi mtu.

Uzuri wa rekodi ni kwamba haina upendeleo. Kama mwimbishaji ni mwenyekiti wa chama na ndiye anayekimbiza wimbo, rekodi itasema bila mtu yeyote kumkosea heshima. Fanyeni hivi kila wiki, kisha rudieni swali la spika. Huenda bado mkaihitaji, lakini wakati huo mtakuwa na kitu cha kupaza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Katika kundi letu, ni sauti gani au chombo gani hufunika vingine? Tufanye nini?
- Mwanachama akikosea, tunamwambiaje?
- Je, katika mikutano yetu ya kawaida tunasikilizana, au kila mtu anangoja zamu yake ya kusema?