Msumeno wa Marehemu: Auweke au Auondoe?

Ndugu yetu mmoja, seremala akaaye Marekani, alituandikia kutaka shauri. Mkwewe alipofariki alimwachia karakana, na ndani yake msumeno wa umeme wa zamani. Mwanawe wa miaka 12 ausifu sana, tena ataka kujifunza kazi kwa msumeno huo. Mkewe asema, "Na uondoke nyumbani." Naye ndugu yetu asema, "Ni kumbukumbu ya mzee." Je, afanyeje?

Kwanza tueleze habari yake. Msumeno huu haukutiwa chini ya meza, bali waning'inia juu yake katika mkono wa chuma, pamoja na mota yake. Namna hii ilibuniwa na Raymond DeWalt wa Marekani mwaka 1922. Fundi huulaza ubao, hushika mpini, kisha huuvuta msumeno kuelekea kwake mwenyewe. Hukata vizuri, lakini hapo ndipo penye hatari. Meno yakiuma ubao kwa nguvu huusukuma msumeno mbele, nao humrukia mshikaji kabla hajaondoa mkono wake. Tena mingi ya zamani ilifunikwa upande wa juu tu. Meno ya chini yalikuwa wazi.

Huko Marekani jambo hili halikupuuzwa. Mwaka 2000 yalitolewa matangazo juu ya misumeno ya namna hii ipatayo milioni 3.7, iliyouzwa tangu 1958 hata 1992. Iliyoweza kutengenezwa ilipewa kinga mpya bila malipo; kwa ile isiyoweza, mwenyewe alirudisha sehemu yenye mota, akalipwa dola 100. Basi fikirini: msumeno usio na mota hauwezi kumdhuru mtu ye yote.

Tulimjibu ndugu yetu hivi: Usiuhukumu kwa uzee wake, wala kwa upendo wako kwa marehemu. Uchomoe katika umeme, uutazame. Je, waya umepasuka? Je, swichi huzima mara moja? Je, mkono wa chuma hulegea ukiutikisa? Je, yapatikana kinga ya kufunika meno ya chini? Yakiwa yote ni mema, uweke, ukaufunge kwa kufuli, na ufunguo ukae kwako. Likikosekana moja, wala haliwezi kutengenezwa, uondoe.

Tena tulimwonya asiuuze kwa bei rahisi wala kumpa jirani. Kitu tusichokitaka karibu na vidole vya mtoto wetu, twawezaje kukipeleka nyumbani mwa mtoto wa mwingine?

Baada ya majuma machache alituletea majibu. Mkono ulikuwa umelegea, na kinga ya kuufaa hakuiona po pote. Basi akautoa umeme, akaukata waya, akaing'oa mota, na vyuma vilivyobaki akavipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtoto alilia. Ndipo baba yake akafungua sanduku la mzee, akamtolea msumeno wa mkono na randa, vyenye mipini iliyong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Sasa jioni wafanya kazi pamoja, nao wamekwisha tengeneza kigoda.

Wazee wetu walisema kwamba majuto ni mjukuu. Ninyi mlio na karakana, na ninyi walimu mfundishao useremala, tazameni leo vyombo vyenu, kabla damu haijawafundisha.