KOMPYUTA YA CHAMA: TUULIZE KWANZA

Siku hizi vyama vya ushirika navyo vinanunua kompyuta. Fedha ni za wanachama. Basi tusizitoe kabla hatujauliza jambo moja: humo ndani mna mfumo gani?

Mfumo endeshi ni kama msimamizi wa kazi. Kompyuta yenyewe ni nyaya na kioo tu. Msimamizi ndiye anayepokea amri yetu, anafungua faili, anaiamsha printa. Wasimamizi wako wengi, leo tuwatazame wawili: Windows na Android.

Windows ilitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 1985, kwa ajili ya kompyuta za mezani. Mtunza hesabu aweza kuweka orodha ya mazao upande huu na orodha ya malipo upande ule, akazilinganisha. Programu nyingi za hesabu zimetengenezwa kwa mfumo huu. Ubaya wake ni nini? Unataka chombo chenye nguvu. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, na hiyo 4 yenyewe kazi huenda kwa kujikokota. Virusi navyo huipenda sana Windows, hasa vikiletwa na flashi zinazozunguka mikononi mwa watu.

Na hapa tuwe macho. Kompyuta nyingi za mitumba zina Windows 10, na msaada wa kawaida wa Microsoft kwa mfumo huo ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize muuzaji: hii inapokea Windows 11? Nyingi za zamani hazipokei.

Haya, Android je? Hii ilianzia kwenye simu, mwaka 2008. Sasa imo pia katika kompyuta ndogo ndogo. Aliyezoea simu ya kugusa hahitaji kufundishwa sana. Vyombo vyake kwa kawaida hula umeme kidogo, jambo zuri kwetu tunaotumia sola. Tena kila programu imefungiwa chumba chake, haiingii cha jirani bila ruhusa. Hapo tunaisifu.

Lakini Android ilikulia kwenye betri ndogo. Programu usiyoitazama, yaweza kuizima ili kubana matumizi. Unaacha hesabu kidogo usome ujumbe, ukirudi pengine unakuta programu inaanza upya! Na kubwa zaidi: programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows haifanyi kazi ndani ya Android kwa kuipachika tu.

Kwa barua, bei za mazao na masomo ya video, Android yatosha kabisa. Kwa daftari la mizani na malipo ya wanachama, sisi tungechukua Windows.

Mkienda dukani nendeni na mtunza hesabu. Abebe programu yake kwenye flashi, aifungue palepale, achape karatasi moja kabla hamjalipa.