Saa 15 Kwenda, Saa 14 Kurudi

Tangu tarehe 28 Oktoba, 2018, msafiri aliyeko Nairobi aweza kupanda ndege ya Kenya Airways na kuteremkia New York bila ya kubadilisha ndege Ulaya wala Uarabuni. Masafa yake ni kama kilomita 11,800. Ratiba ilipotangazwa ilisema: saa 15 kwenda, saa 14 kurudi.

Njia ni moja, iweje kwenda kuzidi kurudi? Wako wadhanio kuwa ndege hukaa juu, dunia ikazunguka chini yake. Lau ingekuwa hivyo, safari ya magharibi ndiyo ingekuwa fupi, maana dunia huzunguka kuelekea mashariki na mji ungemjia msafiri wenyewe. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, ndugu msomaji.

Jawabu wanalo mabaharia wetu: ni upepo. Huko juu, kiasi cha kilomita 10, pana pepo kali zitokazo magharibi zikenda mashariki. Aendaye Marekani humkabili, pepo za omo hizo. Arudiye humsukuma kwa tezi. Nahodha wa jahazi alingoja kaskazi imtoe Maskati hadi Mombasa, mwendo wa wiki tatu au nne, kisha akakaa kungoja kusi imrudishe kwao. Rubani hangoji msimu, lakini hulipa kwa mafuta. Na mafuta ni mzigo: uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyoshiba huinuka kwa taabu.

Ramani nayo hudanganya. Vuta uzi juu ya tufe, kutoka Nairobi hadi New York, utauona unapanda kaskazini, ukikata jangwa la Sahara kabla ya kuingia bahari ya Atlantiki.

Lakini hesabu inayotuuma sisi watu wa pwani ni ya saa za ukutani. Wakati wa baridi ya Marekani, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Mzee akifariki Mombasa alfajiri, saa kumi na moja, mwanawe aliyeko huko hupata habari saa tatu ya usiku uliotangulia. Sisi maiti hatumlazi, alasiri huzikwa. Mtoto akibahatika kupata ndege ya saa sita mchana, huku kwetu ni saa mbili usiku na kaburi limekwisha kufukiwa. Atafika Nairobi kesho yake saa nne asubuhi, na bado Mombasa.

Ndiyo maana wako vijana ambao siku hizi hawakimbilii maziko. Husikiliza kwa simu, wakakata tiketi ya arubaini.