Nyara, Ghanima na Ngawira: Sheria ya Kukamata Meli Vitani na Msamiati Wake wa Kiswahili

Katika Kiswahili cha magazeti, meli ikikamatwa na watu wenye silaha husemwa kuwa imetekwa nyara. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya Faina, meli iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 ilipokamatwa na maharamia wa Kisomali mwezi Septemba 2008, ikaachiwa Februari 2009 baada ya kikomboleo kulipwa. Usemi huohuo hutumika pia meli ya biashara ya adui inapokamatwa na manowari ya dola wakati wa vita. Kwa msikilizaji wa kawaida hakuna tatizo, kwani katika hali zote mbili chombo kimechukuliwa kwa nguvu. Kwa mwanasheria, hata hivyo, mambo hayo yako mbali kama mbingu na ardhi. Haramia hamtafuti hakimu. Ofisa wa manowari hana budi kumtafuta, na asipofanya hivyo anakuwa amemkaribia haramia kuliko anavyopenda kukiri.

Mhadhara huu unahusu mahakama ambazo kwa karne kadhaa zimeamua hatima ya meli na shehena zilizokamatwa vitani, na maneno ambayo Kiswahili kinayo, au hakina, ya kuzielezea. Ifahamike mapema kuwa suala la maneno hapa si pambo. Sheria yenyewe imejengwa juu ya tofauti ambazo neno moja likizifuta, haki ya mtu huweza kufutika pamoja nazo.

Kanuni ya msingi ni nyepesi kutamka: mali haibadili mwenyewe kwa kukamatwa tu. Manowari ikiisimamisha meli ya biashara, ofisa hupanda kukagua hati: hati ya usajili, mkataba wa ukodishaji, orodha ya shehena, barua za wafanyabiashara. Akiona sababu, huipeleka meli bandarini, huziba milango ya ngama kwa lakiri na kuzikabidhi hati zote mahakamani bila kupunguza hata karatasi moja. Nahodha na mabaharia huhojiwa kwa maswali yaliyopangwa tangu awali. Katika kipindi chote hicho meli ni amana. Hukumu ikitoka kwamba ilikamatwa kihalali, ndipo milki inapohama, na atakayeinunua mnadani huipata safi, bila mwenyewe wa zamani kuweza kumfuata kwenye bandari yoyote duniani. Hukumu ikienda kinyume, meli hurudishwa, na pengine fidia hulipwa. Jambo moja humshangaza kila mwanafunzi anayelisikia mara ya kwanza: katika mahakama hizi si mkamataji anayebeba mzigo mzito wa ushahidi, bali mwenye mali anayeidai.

Kanuni hiyo haihusu meli ya kivita. Manowari ya adui ikitekwa huwa mali ya dola iliyoiteka saa ileile, bila hakimu kuulizwa. Hapa Kiswahili kimejaliwa. Wasemaji wa pwani walilichukua jina la Kiingereza la chombo cha vita wakalifanya *manowari*, na wakachukua neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta wakalifanya *meli*, kwa kuwa meli za moshi zilizofika mara kwa mara ndizo zilizoleta barua. Tofauti ambayo sheria inaihitaji kuliko zote ikawa imekwisha kutengwa katika leksika ya mabaharia na wapagazi wa bandarini. Tena Mkataba wa 11 wa The Hague wa mwaka 1907 unasema kwamba barua za posta zilizomo melini haziguswi, ingawa meli inayozibeba yaweza kukamatwa. Kwa hiyo kilicholipa chombo jina lake katika Kiswahili ndicho sheria inachokikinga, na chombo chenyewe hakikingwi.

Neno *ghanima* lilikuja na Uislamu, na lina fiqhi nzima nyuma yake. Aya ya 41 ya Suratul Anfal inaiweka kando khumsi, yaani sehemu moja ya tano, na wanavyuoni wakaeleza mgawanyo wa sehemu nne zilizobaki kwa wapiganaji. Ulinganifu na desturi ya Ulaya unavutia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1708 iliwapa maofisa na mabaharia thamani ya meli walizozikamata, na utaratibu wa kuwagawia fedha hizo haukukomeshwa rasmi mpaka sheria ya mwaka 1948. Hata hivyo, mtu asikimbilie kusema kwamba ghanima ni tafsiri kamili. Fiqhi ina milango yake mirefu kuhusu mali ipi inahesabiwa ghanima na ipi inarejeshwa kwa mwenyewe, na maswali yake hayalingani moja kwa moja na yale ya hakimu wa bahari wa Ulaya. *Nyara* nalo limeharibika kwa kazi hii. Tangu liungane na kitenzi *teka* katika habari za utekaji wa ndege na watu, limebeba harufu ya jinai isiyoondoka kwa urahisi. Limebaki *ngawira*, neno lisilo na mzigo mkubwa wa dini wala wa jinai, ambalo msemaji wa leo hulisikia kama neno la vitabuni. Ugeni huo ndio unaolifaa. Istilahi hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo mtaa haujaitia mikono.

Pwani ya Afrika Mashariki iliujua utaratibu huu kabla ya vita vikuu vya dunia, ingawa kwa sura nyingine. Katika kampeni ya kuzuia biashara ya watumwa, sheria ya Uingereza ya mwaka 1869 ilithibitisha mamlaka ya balozi wake mdogo wa Unguja kusikiliza kesi za majahazi yaliyokamatwa. Wakamataji walipewa bahashishi iliyokokotolewa kwa idadi ya watu waliookolewa au kwa ujazo wa jahazi. Ugumu ulikuwa hapa: jahazi bovu halikuweza kuvutwa hadi Unguja, hivyo mara nyingi lilichomwa moto baharini. Kilichofika mbele ya hakimu kilikuwa vipimo vilivyochukuliwa na yuleyule aliyetarajia bahashishi, na maneno ya nahodha yaliyopita katika kinywa cha mkalimani. Mkalimani huyo ndiye aliyepaswa kueleza kama mtu aliyekutwa chomboni ni bidhaa, au ni baharia aliye mtumwa wa mwenye chombo, au ni mzalia aliyefuatana na bwana wake. Kiswahili cha wakati huo kilikuwa na majina tofauti kwa hali hizo. Kiingereza cha ofisa kilikuwa na moja. Hakuna haja ya kuitetea biashara ile ovu ili kuona kwamba hukumu iliyojengwa juu ya tafsiri ya namna hiyo ilisimama kwa mguu mmoja.

Suala la bendera lilifikishwa mbali zaidi. Wenye majahazi wa Sur, Oman, ambao misimu yao ya upepo iliwaleta Unguja na Pemba, walikuwa wakipewa bendera na hati na Ufaransa, na hivyo kuwakwepa wakaguzi wa Kiingereza. Ugomvi huo uliamuliwa na baraza la usuluhishi la The Hague mwezi Agosti 1905. Wale walioruhusiwa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waliachiwa haki yao. Baada ya hapo Ufaransa haikuweza kuwapa bendera ila wale waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya mwaka 1863. Tena ruhusa hiyo haikuhamishika kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine, hata kama ni la mwenyewe yuleyule. Kwa maneno mengine, kitambaa mlingotini hakikutosha, kiliulizwa kilikopatikana.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliyafufua mahakama ya ngawira ya Uingereza, ambayo yalikuwa hayajafanya kazi hiyo tangu Vita vya Crimea. Kesi ya kwanza, ya meli ya Kijerumani Chile iliyokutwa Cardiff, ilisikilizwa mwezi Septemba 1914 mbele ya Sir Samuel Evans. Katika bahari ya huku kwetu mambo hayakungoja hakimu. Tarehe 6 Agosti 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyotoka Dar es Salaam siku chache kabla, iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester kwenye maji ya Oman, ikiwa na shehena ya majani ya chai kutoka Ceylon. Königsberg haikuwa na bandari ya kirafiki iliyo karibu. Baada ya kuchukua makaa, iliizamisha. Sheria iliruhusu meli ya adui kuangamizwa endapo haikuwezekana kuifikisha bandarini na watu wake wamesalimishwa kwanza. Kwa meli ya nchi isiyo vitani masharti yalikuwa makali zaidi, na sababu yake ni dhahiri: meli iliyozama haiwezi kurudishwa na hukumu yoyote.

Miezi michache baadaye lilitokea tukio ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Wajerumani waliichukua Rubens, meli ya Kiingereza iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza, wakaipa jina la Kidenmaki, Kronborg, na kuipeleka na silaha na makaa hadi Afrika Mashariki. Mabaharia wake walichaguliwa kwa sababu walizungumza Kidenmaki. Maana hati zaweza kughushiwa kwa usiku mmoja, lakini baharia akiamshwa na mkaguzi usingizini atajibu kwa lugha aliyolelewa nayo. Meli hiyo ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikapigwa na manowari Hyacinth, lakini sehemu kubwa ya shehena iliopolewa na kutumika katika vita vya bara.

Kesi iliyo nzito kuliko zote za vita hivyo ni ile ya Zamora. Meli hiyo ya Kiswidi ilikuwa ikitoka New York kwenda Stockholm na shaba tani zipatazo 400 ilipokamatwa mwaka 1915. Kabla mahakama haijaamua kama shaba ni ngawira, serikali ya Uingereza ilitaka kuichukua itumike, ikitegemea amri ya Mfalme katika Baraza. Mwezi Aprili 1916 Baraza la Rufaa, kwa sauti ya Lord Parker, lilikataa. Mahakama ya ngawira, ilisemwa, inatekeleza sheria ya mataifa, na amri ya serikali haiwezi kuibadili sheria hiyo. Kwamba mahakimu wa dola iliyo vitani waliiambia hivyo serikali yao, katikati ya vita, ni jambo linalostahili kusomwa na kila anayedhani sheria ya vita ni maneno matupu. Kweli, uamuzi ulifungua mlango mwembamba kwa serikali: mali ingeweza kuchukuliwa ikiwa inahitajiwa kwa dharura ya vita, kuna suala la kweli la kuamuliwa, na mahakama yenyewe imeridhia.

Katika Kiswahili, uamuzi huo hauelezeki bila vitenzi vitatu vilivyotenganishwa. Meli *hukamatwa* na ofisa; *huhukumiwa ngawira* na mahakama; nayo mali *hutwaliwa* na serikali kwa matumizi, huku milki ikingali ya mwenyewe na fidia ikidaiwa. Mwandishi atakayetumia *kuteka* kwa yote matatu atakuwa ameiandika kesi ya Zamora kana kwamba serikali ilishinda. Hali ni hiyohiyo katika uamuzi wa mahakama ya Haifa wa mwaka 2014 juu ya Estelle, meli yenye bendera ya Finland iliyokamatwa mwaka 2012 ikielekea Gaza. Iliamriwa irudishwe kwa kuwa serikali ilikawia mno kuifikisha mahakamani: kukamatwa kulikuwapo, hukumu ya ngawira haikupatikana.

Limebaki tatizo moja ambalo wafasiri hawajalitatua. Mkataba wa 11 wa mwaka 1907, katika kifungu chake cha 3, unaviepusha na ukamataji vyombo vinavyovua samaki pwani tu, pamoja na vyombo vidogo vya biashara ya mahali. Mwaka 1900 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua hivyo kuhusu mashua za wavuvi wa Cuba. Mtumbwi na ngalawa vinaingia bila ubishi, na mashua pia. Lakini jahazi linalotoka Lamu na boriti kwenda Mombasa ni dogo, na biashara yake ni ya mahali. Jahazi la jina lilelile linaloshika kaskazi kutoka Sur hadi Unguja si dogo, wala biashara yake si ya mahali. Kiswahili huyaita yote mawili jahazi, na mfasiri akiliandika neno hilo peke yake atakuwa ama amemvua ulinzi wa mkataba nahodha wa Lamu, ama amempa nahodha wa Sur.