Kompyuta ya Kwanta na Tatizo la Makosa

Jina la Google kwa wengi wetu ni jina la mtambo wa kutafutia habari. Ni wachache wajuao kwamba kampuni hiyo ya Marekani ina maabara ya fizikia huko Santa Barbara, katika pwani ya California, ambamo sakiti za umeme hupozwa hadi baridi inayoipita ile ya anga za mbali. Mradi wenyewe ulitangazwa mwaka 2013 chini ya Hartmut Neven, bingwa wa kuzifundisha mashine kutambua picha. Mwaka 2014 alijiunga naye mwanafizikia John Martinis wa Chuo Kikuu cha California, pamoja na wenzake. Maabara ilipewa jina linalounganisha kwanta na akili unde, kwa tumaini kwamba kompyuta za aina mpya zingezisaidia mashine kujifunza. Hadi sasa msaada ulio dhahiri zaidi umekwenda upande wa pili: akili unde ndiyo inayoisaidia kompyuta ya kwanta. Sababu yake ni makosa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa biti, yaani swichi ndogo mno ambazo kila moja huwa 0 au 1. Biti ya kwanta, au kyubiti, katika maabara hiyo ni sakiti ndogo ya alumini, metali ile ile ya sufuria zetu, iliyotandazwa juu ya silikoni. Alumini ikipozwa chini ya kelvini 1.2 hupoteza ukinzani wake wote wa umeme. Huko Santa Barbara hupozwa zaidi, hadi takriban sehemu moja ya mia ya kelvini juu ya sifuri halisi, ilhali anga tupu lina kelvini 2.7. Katika baridi hiyo sakiti nzima hutenda kama atomu moja: nishati yake hupanda kwa vidato kama vya ngazi. Kidato cha chini huitwa 0, kinachofuata huitwa 1, na mawimbi ya maikrowevu huihamisha sakiti baina ya hivyo viwili. Kwa kuthibitisha, katika majaribio ya miaka ya 1984 na 1985, kwamba sakiti ya umeme yaweza kutenda hivyo, Martinis, John Clarke na Michel Devoret walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2025.

Kyubiti yaweza pia kuwa katika mchanganyiko wa 0 na 1. Husemwa mara nyingi kwamba kwa sababu hiyo mashine hujaribu majibu yote kwa wakati mmoja. Usemi huo unapotosha, na yafaa mwalimu ausahihishe. Kila jibu linalowezekana huwa na namba yake, ambayo yaweza kuwa chanya au hasi, na mraba wa ukubwa wa namba hiyo ndio uwezekano wa jibu hilo kutokea. Tukiipima mashine tunapata jibu moja tu, tena kwa bahati. Ufundi wote ni kuzipanga hatua ili namba za majibu mabaya zifutane na za majibu mema ziongezeane, kama mawimbi mawili yanavyofanya katika beseni la maji la maabara ya shule. Idadi ya namba hizo huongezeka maradufu kwa kila kyubiti: kyubiti 10 zina namba 1,024, kyubiti 30 zina zaidi ya bilioni moja, na kyubiti 53 zina takriban 9 × 10¹⁵.

Kyubiti 53 ndizo zilizotumiwa na chipu iliyoitwa Sycamore, ambayo habari zake zilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 2019. Google ilidai kwamba Sycamore ilimaliza kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingeifanya kwa miaka 10,000. Mara moja IBM ilijibu kwamba kazi hiyo ingewezekana kwa siku mbili na nusu, na mwaka 2022 watafiti wa China walichapisha njia ya kuifanya kwa muda wa saa 15 hivi. Nani alikosea? Sekunde 200 zilipimwa kwa saa. Miaka 10,000 haikupimwa na mtu, ilikuwa makadirio ya udhaifu wa mshindani, yaliyofanywa na mwenye mashindano. Isitoshe, kazi yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ni ngumu kwa kompyuta za kawaida, si kwa sababu kuna mtu aliyeihitaji. Mwanafunzi akutanapo na tarakimu za namna hii aulize kwanza ipi imepimwa na ipi imekadiriwa. Binafsi naona kwamba kasi si habari kubwa hapa.

Habari kubwa ni makosa. Kyubiti bora za maabara hiyo huhifadhi hali yake kwa muda usiozidi sana sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na tendo moja katika kila mia chache hukosewa. Hesabu yenye manufaa huhitaji mamilioni ya matendo. Katika simu za upepo za zamani, neno lililotiliwa shaka lingeweza kurudiwa mara tatu na wengi wakashinda. Kwa kyubiti hilo haliwezekani, kwani hali yake isiyojulikana hainakiliki, na kuisoma ni kuiharibu. Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha njia ya kupita: habari moja hutawanywa katika kyubiti nyingi, kisha mashine huulizwa, si kila moja ina nini, bali kama majirani wanakubaliana. Ni kama msimamizi wa mtihani anayewauliza watahiniwa wawili kama majibu yao yanafanana, bila kuyatazama majibu yenyewe. Akiuliza jozi za kutosha atajua nani amepotoka.

Lakini kyubiti za ziada nazo hukosea. Zikiwa mbovu, kuongeza walinzi ni kuongeza wezi. Ni pale tu makosa yanapokuwa chini ya kiwango fulani ndipo ukubwa unapoleta nafuu. Chipu ya Willow, yenye kyubiti 105, iliyotangazwa Desemba 2024, ilivuka kiwango hicho: habari ilipotandazwa katika miraba ya kyubiti 3 kwa 3, kisha 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, makosa yaligawanyika kwa takriban 2.14 kila hatua.

Hapa ndipo akili unde inapoingia. Majibu ya "wanakubaliana" na "hawakubaliani" humiminika kila baada ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde, na lazima kitu fulani kikisie, kama mganga atazamaye dalili, kosa lilitokea wapi. Mwezi Novemba 2024 Google DeepMind ya London, ikishirikiana na Santa Barbara, ilichapisha habari za AlphaQubit, mtandao wa neva bandia uliofunzwa kwa mifano ya kubuni kisha kwa vipimo vya Sycamore. Ulikosea kwa asilimia 6 pungufu kuliko njia sahihi kuliko zote iliyolinganishwa nayo. Njia hiyo ilikuwa ya polepole mno. Na AlphaQubit nayo, ilipotangazwa, haikuwa na kasi ya kutosha kwenda sambamba na chipu.

Jambo hili latuhusu hata sisi tulio mbali na California. Ujumbe mwingi wa siri wa mabenki na serikali hulindwa kwa ugumu wa kutafuta namba tasa mbili zilizozidishwa pamoja, na Shor huyo huyo alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta ingeurahisisha. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 Craig Gidney wa Google aliyashusha makadirio hadi chini ya milioni moja. Ujumbe ulionaswa leo waweza kuhifadhiwa ukafunguliwa siku hiyo ikifika. Ndiyo maana Marekani ilitoa viwango vipya vya ulinzi mwezi Agosti 2024.

Umbali uliobaki unaweza kupimwa darasani kwa logi. Mraba wa 7 kwa 7 ulikosea kwa asilimia 0.143 katika kila mzunguko. Ikiwa kila hatua hugawanya kwa 2.14, hatua ngapi zinahitajika kufikia kosa moja katika milioni? Jibu ni karibu 10, yaani mraba wa 27 kwa 27, ambao pamoja na kyubiti za kuulizia hufika 1,457. Hizo zote ni kwa ajili ya kyubiti moja tu ya kutegemewa. Hesabu hiyo, aidha, inachukulia kwamba mwendo hautakatika. Lakini katika jaribio jingine la chipu hizo hizo, takriban mara moja kwa saa, kundi zima la kyubiti lilikosea kwa pamoja.