Kura ya darasani si mtihani

Nafundisha sayansi hapa Al Wakrah. Mwanzoni vile virimoti vya kupigia kura darasani nilivitumia vibaya: watoto wanabonyeza, natoa jibu, tunasonga mbele. Wale wakimya nikawaacha nyuma bila kujua.

Sasa nafuata njia aliyoianza Profesa Eric Mazur wa Harvard mwaka 1991. Nauliza: jiwe kubwa na dogo yakiangushwa pamoja, lipi litatangulia kufika chini? Wanapiga kura. Majibu yakigawanyika, sisemi kitu. Kila mmoja anamshawishi jirani yake, halafu wanapiga tena.

Ni kama gofu: hujui kupiga mpaka ushike fimbo mwenyewe, ukosee, urekebishe.

Mzazi, jioni usimuulize mwanao kapata ngapi. Muulize, "Leo ulibadilisha jibu? Kwa nini?"