Mkato Safi kwenye Lebo ya Asali

Enzi za Wajerumani, nta ya misitu ya miombo iliondoka Unyamwezi kama mali ya jumla, na jina la mrina asali halikufika pwani. Leo asali ya Tabora, Sikonge na Urambo inauzwa kwenye chupa yenye lebo, na mnunuzi wa Dar es Salaam huiona lebo kabla hajaonja. Ndiyo maana huumia nionapo asali nzuri chini ya lebo yenye kingo za manyoya.

Karatasi ya lebo ina tabaka tatu: ya juu inayochapwa, gundi, na ya mgongo iliyopakwa silikoni. Kisu cha mashine ya kukatia lebo kinatakiwa kupasua mbili za kwanza na kuishia kwenye silikoni. Mgongo huo mara nyingi una unene wa unywele tu, hivyo nafasi ya kukosea ni finyu.

Hata hivyo, mkato ukififia mafundi wengi hukaza kisu. Kisu butu kikikazwa huchana nyuzi za karatasi na kujeruhi mgongo. Mabaki ya karatasi yanayozunguka lebo yakimenywa, lebo hunyanyuka nayo. Kagua kisu kwanza. Pengine kimeshika gundi tu, na kukifuta kwa spiriti kunatosha. Kama kimelika, kibadilishe.

Joto nalo lina hila yake. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, gundi hulainika, huganda kwenye kisu, na hata baada ya kukatwa hutambaa na kuungana tena ndani ya mkato. Lebo iliyokatwa vizuri saa tatu asubuhi inaweza kugoma kumenyeka alasiri. Tunza karatasi kivulini ndani ya mfuko wake, na umenye mabaki papo hapo.

Pembe kali za lebo huchanisha mabaki. Zipe mviringo kidogo, na uache milimita 3 kati ya lebo na lebo.

Kabla ya kukata zote, kata moja, ibandue, kisha pitisha kalamu ya wino mzito juu ya silikoni pale kisu kilipopita. Silikoni nzima huukataa wino. Ukiona mstari ulionyonya wino, kisu kimezama mno: punguza mgandamizo, ujaribu tena. Rudia jaribio kila unapofungua rola mpya, maana unene hubadilika hata kwa karatasi ya aina ileile.